Lita Moja Imetoka Wapi?

Hosteli ya wasichana, chumba cha juu
4 Februari

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kwa sababu simu hupokei ukiwa kazini, na ukitoka kazini unalala. Natumaini hujambo, na lifti ya ofisini kwenu imepona.

Mimi mzima ila kichwa. Nimebakiza muhula mmoja nimalize shahada ya hesabu, na kila ninayekutana naye ananiuliza, "Hesabu, halafu?" Wenzangu wanaosomea udaktari hakuna anayewauliza "udaktari, halafu?" Baba anataka niende benki. Anasema benki kuna kiyoyozi, na fundi wa majokofu akikisifia kiyoyozi ujue hana hoja nyingine. Mama anasema ualimu, maana mwalimu ana likizo. Ninayekaa naye chumbani anajifunza kuandika programu za kompyuta, anasema huko mtu wa hesabu anapokelewa kama bibi harusi. Watu wa ofisi ya takwimu nao walikuja, wakahutubia, wakagawa kalamu. Halafu kuna bima yako.

Lakini wewe nakwambia la moyoni. Nataka kuendelea. Nataka shahada ya uzamili, na Mungu akijalia, uzamivu. Mwaka huu kuna nafasi mbili tu zenye ufadhili. Moja ni kwa mama wa takwimu, mpole, ambaye ameniambia wazi kwamba atanichukua. Nyingine ni kwa Profesa wa Kanuni ya Matangi, yule tunayemwita Mzee Dhahiri, kwa sababu kila akiruka hatua ubaoni anasema "ni dhahiri" kisha anafuta. Huyo ni mkali, ila wanafunzi wake ndio wanaopelekwa ng'ambo.

Ukoo mzima ni wewe peke yako uliyesoma mambo haya. Niende wapi?

Mwanao,
Kitinda


Ofisi ya bima, ghorofa ya pili
11 Februari

Mwanangu Kitinda,

Marahaba. Lifti haijapona. Wateja wanapanda ngazi wakihema, nami nikiwatazama nawakadiria watakufa lini. Ndiyo kazi inayonilisha.

Haya, tuanze. Benki usiende. Watakuajiri kwa ajili ya hesabu, halafu watakusimamisha mlangoni uwachekee watu. Ualimu ni kazi ya heshima kwa mwenye subira, na wewe ulimrushia binamu yako kifutio aliposhindwa kugawanya sehemu. Kompyuta kuna kazi, na zitazidi kuwepo, ila usizifuate kwa kupokelewa kama bibi harusi. Bibi harusi hupokelewa siku moja tu, kesho yake anaoneshwa jiko. Ofisi ya takwimu utahesabu kuku wa watu mpaka ustaafu, na si vibaya, kuku ni kitu cha kweli. Bima ina mitihani isiyokwisha. Mimi niliifanya mpaka mvi zikanitoka, na sikuja huku kwa kupenda. Niliswagwa.

Endelea na masomo. Una kichwa kuliko nilichokuwa nacho mimi, na nilikuwa nacho.

Yule mama wa takwimu mshukuru, mwambie hapana. Nenda kwa Mzee Dhahiri. Mwambie unataka kusomea Kanuni ya Matangi, usikubali mada nyingine. Na jina langu usilitaje, asije akadhani unabebwa na ndugu.

Shangazi yako


Karakana
2 Machi

Dada,

Salaam. Mtoto anarukaruka hapa nyumbani, eti Shangazi kamwambia aende kwa profesa wa matangi. Nimemwuliza jina la huyo profesa mara mbili, nikadhani jokofu linanguruma sana sikusikia vizuri.

Ni yule yule aliyekufundisha wewe, ambaye tangu urudi hutaki kusikia jina lake? Kama ni yule yule, nieleze unafanya nini na mtoto wangu.

Kaka yako


Ofisi ya bima
9 Machi

Kaka,

Ni yule yule. Simu sitaki, utanipandishia sauti.

Ulinifuata kituoni siku niliyorudi, ukanibebea sanduku, hukuniuliza neno. Leo nakuambia. Nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda ng'ambo kusoma. Mwaka wangu wa mwisho niligundua kanuni, nikamwandikia yeye ubaoni ofisini kwake, kuanzia juu mpaka chini. Alitazama, akasema ni mchezo wa watoto. Kisha akaiambia kamati kwamba mimi nitaolewa tu na nafasi itapotea bure. Mimi akaniambia, "Hesabu za juu si za kila mtu. Nenda bima, wanapenda wasichana wanaojua kujumlisha." Baadaye kanuni ikatoka jaridani kwa jina lake. Hiyo ndiyo Kanuni ya Matangi. Ndiyo iliyompa uprofesa, ndiyo iliyomjengea nyumba.

Sasa sikia kitamu chake. Kanuni ina shimo. Nililiona mwenyewe kabla hajaichapisha, nikarudi kumwambia. Alifungua mlango kiasi cha pua. Akasema, "Peleka bima." Basi nikaondoka na shimo langu. Nimelitunza miaka yote hii. Ningelisema zamani nani angenisikiliza, mwanamke wa ghorofa ya pili anayekokotoa vifo? Nilimwacha apande. Sasa anakaribia kuwa mkuu wa chuo, na kabla ya kuapishwa atatoa mhadhara mkubwa juu ya Kanuni yake mbele ya wageni wote. Huko juu ndiko ninakomtaka.

Mtu wa nje akiuliza watamfukuza. Mwanafunzi wake mwenyewe akiuliza, lazima ajibu.

Mtoto usimwambie. Akijua atatetemeka, na mimi sitaki mkono unaotetemeka.

Dada yako


Karakana
15 Machi

Dada,

Ningejua siku ile ningemfuata hukohuko ofisini kwake na spana. Hasira yako ni haki yako. Lakini mtoto ni wangu, na anaitaka shule hiyo kwa kweli, si kwa kisasi. Ukimwangusha mtu aliyeshika ngazi, aliye juu ya ngazi anaanguka naye. Mwache mtoto.

Kaka yako


Idara ya Hesabu
20 Septemba

Shikamoo Shangazi,

Nimeingia! Nina meza yangu, dirisha langu, na ufunguo wa chumba cha wanafunzi wa uzamili, ambao tuko watatu na birika moja. Baba ameninunia tangu nije huku na sijui kwa nini. Ananiambia tu, "Uwe macho."

Shangazi, Mzee Dhahiri si mkali kama wanavyosema. Kila Alhamisi anatuita kwenye semina, tunakaa, anatuacha tukosee mpaka tuchoke, ndipo anasema. Kazi yangu ya kwanza aliisoma yote, akaandika pembeni kwa penseli, mwishoni akaandika, "Huyu atafika." Nimekikata kipande hicho nikakibandika ukutani, usinicheke. Amesema nikifanya vizuri mwaka huu ataniombea nafasi ya uzamivu ng'ambo, na akiomba yeye hawakatai.

Kanuni ni nzuri sana. Picha yake ni hii: una matangi ya maji yamepangwa mstari usio na mwisho. Kila siku unahamisha maji kutoka tangi hadi tangi, hakuna kinachomwagika, hakuna kinachoongezwa. Kanuni inasema, ukihesabu siku kwa siku au ukihesabu tangi kwa tangi, jumla ya mabadiliko ni sufuri ileile. Juu ya hapo amejenga ghorofa nzima. Na wewe ulisema nisome hiyo hiyo! Ulijuaje nitaipenda?

Kitinda


Ofisi ya bima
28 Septemba

Mwanangu,

Nilijua tu.

Nakupa fumbo la kuchezea jioni, la kwako mwenyewe, usilipeleke semina. Siku ya kwanza mimina lita moja kutoka tangi la pili kwenda la kwanza. Siku ya pili, lita moja kutoka la tatu kwenda la pili. Siku ya tatu, kutoka la nne kwenda la tatu. Endelea hivyo bila mwisho. Kisha nenda ukatazame kila tangi lina nini.

Kula vizuri. Birika moja kwa watu watatu ni vita, nunua lako.

Shangazi yako


Idara ya Hesabu
7 Oktoba

Shangazi!

Sijalala vizuri tangu barua yako. Tangi la pili lilitoa lita, kesho yake likapokea lita. La tatu vivyo hivyo. Kila tangi limerudi lilivyokuwa, isipokuwa la kwanza, ambalo lina lita moja ya ziada! Na hakuna siku hata moja iliyoongezwa tone. Siku kwa siku, sufuri. Tangi kwa tangi, moja. Lita moja imetoka wapi?

Nimerudi kwenye makala yake, nimepapata mahali penyewe. Ni ile hatua aliyosema "ni dhahiri." Si dhahiri, Shangazi, ni uongo. Ghorofa nzima imesimama juu ya hatua hiyo. Nimekaa nikitazama ukuta, nikamwonea huruma.

Wiki ijayo nitamfuata ofisini nimwambie taratibu. Nafikiri kanuni inaweza kuokolewa. Ikiwa maji yote yaliyohamishwa, siku zote zikijumlishwa, yana kikomo, basi inasimama. Tunaweza kuirekebisha pamoja kabla ya mhadhara wake wa Desemba.

Kitinda


Ofisi ya bima
10 Oktoba, kwa mkono wa dereva wetu

Kitinda,

Usiende ofisini kwake. Kama umeshakwenda, sema umesahau ulilokuja nalo, omba chaki uondoke.

Nisikilize mimi niliyetangulia kuliona jua. Swali linaloulizwa ofisini hufia ofisini. Utamwambia leo, atakushukuru, atakupa chai, na mwakani utalisoma kwa jina lake. Unadhani nakutisha? Mwulize yeyote aliyepita idara hiyo akasahaulika.

Subiri mhadhara. Mbele ya wageni hawezi kulimeza. Simama, taja jina lako, useme wewe ni mwanafunzi wake, uliza kwa adabu. Watu wote watajua ni wewe uliyeliona. Hiyo ndiyo itakayokupa nafasi ng'ambo, wala si barua yake.

Nakupenda, ndiyo maana nakwambia.

Shangazi yako


Idara ya Hesabu
21 Oktoba

Shangazi,

Sikwenda. Nilifika mlangoni, barua yako ikanikuta mkononi mwa dereva wenu.

Roho yangu haijatulia. Wiki hii ameniita, amenionesha barua aliyoniandikia chuo cha ng'ambo. Ameniambia, "Binti, hii nafasi nakupa wewe kwa sababu zamani niliwahi kumnyima mtu." Nikamwuliza nani. Akatazama dirishani akasema ni habari za kale.

Niambie kweli. Nikinyamaza mpaka Desemba halafu nikasimama, si nitakuwa nimemchoma mgongoni?

Kitinda


Ofisi ya bima
25 Oktoba

Mwanangu,

Mgongoni ni kwa anayekimbia. Wewe utamwuliza usoni.

Simama na uulize. Kama wewe ni damu yangu, uliza.

Shangazi yako


Karakana
14 Desemba

Dada,

Umefurahi? Mtoto yuko hapa, kalala kifudifudi tangu juzi, hataki kusema. Ninayoyajua nimeyasikia kwa watu.

Wanasema aliuliza vizuri, sauti ikiwa safi. "Profesa, lita moja imetoka wapi?" Wanasema yule mtu alichukua chaki, akaiweka, akaichukua tena. Mgeni mmoja, mwanamama profesa kutoka chuo kingine, akasema, "Tunasubiri hatua hiyo." Na yeye, Dada, badala ya kusema nimekosea, akatokwa na jasho, akapandwa na kiburi, akasema, "Hatua hiyo si yangu! Aliniletea mwanafunzi. Kanuni yote aliniletea yeye, binti mmoja, siku hizi yuko bima. Kosa ni la kwake!" Mwanamama akamwuliza, "Na jina lake liko ukurasa wa ngapi?"

Alikubali kuwa mwizi ilimradi asiwe mjinga. Sijapata kuona watu kama ninyi.

Ukuu wa chuo kaukosa. Lakini usishangilie mapema. Chuo kimetoa tangazo kwamba Profesa "amekiri kiungwana kosa katika kanuni yake," na anastaafu kwa heshima. Wamemfanyia hafla. Wanasema hata wakubwa hukosea, na ukubwa ni kukiri. Jina lako halipo. Na nafasi ya mtoto wangu imefutwa pamoja na mada yake, maana mada imekufa na msimamizi hayupo.

Kaka yako


Ofisi ya bima
19 Desemba

Kitinda mwanangu,

Baba yako ameniandikia. Nilipofika pale aliposema "kosa ni la kwake" nilicheka mpaka msimamizi wangu akachungulia. Kisha nikafika kwenye hafla, nikatupa kikombe. Wamemwogesha! Wamempaka mafuta! Hata kosa langu wamempa yeye, wakamsifia nalo!

Lakini wewe ulisimama. Nakushukuru. Habari ya nafasi usijali. Hapa kuna meza karibu na yangu, nimeshasema na mkubwa. Mitihani nitakufundisha mwenyewe. Njoo Januari.

Shangazi yako


Nyumbani
2 Januari

Shangazi,

Alipotamka "yuko bima" nilikuwa bado nimesimama. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama yeye, mimi nikawa naziona barua zako moja moja. Fumbo la kuchezea jioni. Jina langu usilitaje. Nakupenda, ndiyo maana nakwambia.

Alichokufanyia ni unyama, na Baba amenieleza chote. Ungeniambia siku ya kwanza, ningekwenda. Wallahi ningekwenda, ningeuliza kwa sauti mara mbili ya ile. Hukuniambia. Ulinipeleka kama mtu anavyopeleka kikapu chenye nyoka kwa mkono wa mtoto, na mtoto anaambiwa ni matunda. Yeye alikunyima nafasi moja. Wewe umeninyima nafasi, umenipokonya mwalimu, na umenipokonya shangazi.

Na sasa unaniitia bima. Husikii unachosema?

Siji. Yule mwanamama aliyekuwa mgeni amenipigia simu. Chuo chake hakina pesa ya kunipa, ana kona tu ya chumba na kazi ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nakwenda. Usiniandikie.

Kitinda


Chuo kingine
30 Novemba

Shangazi,

Ndani ya bahasha hii kuna makala yangu ya kwanza. Nimeithibitisha kanuni sahihi, ile yenye kikomo. Wameipa jina langu. Nimepata nafasi ya uzamivu kwa ajili yake.

Ile ya uongo nayo ilihitaji jina, ili watu wasiirudie. Mwanamama alipendekeza tuiite Kosa la Profesa, kama tangazo lilivyosema. Nikakataa. Nimeandika kwamba mwenye kanuni hiyo na mwenye kosa hilo ni wewe, nikaweka majina yako yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho chako. Sasa wanafunzi watafundishwa hivyo kila mahali: hii ni kanuni ya fulani, ni kweli, na hili ni kosa la fulani, jihadharini nalo.

Ulitaka maisha yako yote kuingia kitabuni. Nimekuingiza.

Kitinda


Ofisi ya bima
12 Desemba

Kitinda,

Umenipiga palepale ulipojua pataniuma. Nimelia chooni, bomba nimelifungulia wasinisikie. Niliona shimo kabla ya mtu yeyote duniani, na dunia itanijua kwa kulichimba. Hilo umelifanya kwa makusudi na umelifanya vizuri, nami siwezi kukulaumu, nilikufundisha mwenyewe. Meza niliyokuwekea wamempa mtu mwingine.

Sikuombi unisamehe. Ningekuwa na siku ile mbele yangu tena, ningekutuma tena. Hiyo ndiyo kweli, na ni vizuri ujue ni damu gani inayotembea ndani yako.

Nilikwenda maktaba ya chuo kutoa nakala. Mkutubi, kijana mwenye miwani, akasoma kichwa cha makala akaniuliza, "Huyu mama wa kosa unamfahamu?" Nikamwambia, "Ndiye mimi." Akasimama, sijui kwa heshima au kwa mshangao. Nikamwomba nakala mbili.

Moja nimebaki nayo. Ya pili nimempelekea Profesa nyumbani kwake, kwa mkono wangu. Alifungua mlango mwenyewe, amezeeka, hakunitambua mpaka aliposoma majina. Nilisubiri asome mpaka mwisho. Tangu mhadhara ule amekuwa akiishi kwa sifa ya kukiri kosa lake kiungwana, ndiyo waliyomwachia. Nikamwonesha kwa kidole mstari wako, palipoandikwa kosa ni la nani.

Sasa hata kosa hana.

Shangazi yako